Rivyu: faili la sheria zote za Magic, Gatherer na Scryfall, vinavyomaliza ubishi mezani huku Mtwara

Habari zenu wadau wa kadi, hii rivyu sio ya deki wala ya boksi jipya, ni ya kitu ambacho watu wanacheza Magic miaka na miaka hawajawahi kukifungua, yaani lile faili la sheria zote linaloitwa Comprehensive Rules, pamoja na sehemu mbili tunazosomea maamuzi ya kadi moja moja, Gatherer na Scryfall. Vyote ni bure, unahitaji simu na bando kidogo tu. Naandika kwa sababu nimeona vijiwe vinakufa kwa ubishi, sio kwa kukosa kadi. Mtu akitoka mezani ameonewa Jumamosi inayofata humuoni, na dogo akionewa siku yake ya kwanza ndo basi tena, umempoteza.

Kwa ambaye hajui kabisa, Magic: The Gathering ilitoka 1993, aliyeibuni anaitwa Richard Garfield na kampuni ni Wizards of the Coast ya Marekani. Kila mtu anakaa na deki yake ya kadi 60 kwenda juu, unaanza na kadi 7 mkononi na uhai 20, afu kila kadi imeandikwa yenyewe inafanya nini. Hapo kwenye imeandikwa inafanya nini ndo moto unapowakia, maana kadi ni maelfu kwa maelfu, zimetoka kwa zaidi ya miaka 30, na aliyeandika kadi ya 1994 hakuwa na habari kwamba itakuja kukutana na kadi ya 2024 kwenye baraza la fundi simu Chikongola.

Ndo kijiwe chetu hicho. Wanakuja wanachuo, bodaboda, mwalimu mmoja wa sekondari, madogo wa kidato cha pili, wengine wanapanda daladala toka Mikindani. Kadi zinaletwa na mtu akitoka Dar au nje, nyingine tunaprinti steshenari na kuzivalisha plastiki coz jasho la huku na upepo wa bahari vinamaliza karatasi haraka sana. Refa mwenye cheti hatuna. Kwa hiyo zamani ubishi ulikuwa unaamuliwa kwa njia tatu na zote mbovu: mwenye kadi ndo mwenye sheria (nimeileta mimi kwa hiyo inafanya ninachosema mimi), au mkubwa kwa umri, au mwenye sauti.

Kwenye bao hiyo ya umri inafanya kazi kabisa na mi naiheshimu. Mzee aliyekaa kwenye mashimo 32 na kete 64 toka ujana wake akikwambia hapo huli, unatakata, unakubali, maana namua na mtaji amezipitia mpaka zimekuwa damu yake. Magic haina mzee wa hivyo na haiwezi kuwa naye. Mwaka 2019 watafiti Alex Churchill, Stella Biderman na Austin Herrick walionyesha kwamba kadi za mchezo huu zinaweza kupangwa mezani zikafanya kazi ya kompyuta yenyewe, yaani unaweza kufika kwenye hali ambayo hakuna mchezaji mwenye uamuzi wowote uliobaki na bado hamna njia ya jumla ya kukokotoa nani atashinda. Sa kitu cha hivyo huwezi kukiamua kwa mvi wala kwa kelele, lazma kuwe na maandishi.

Tuingie kwenye faili. Linapatikana kwenye tovuti ya Wizards kwa PDF, kwa Word na kwa maandishi matupu, na ushauri wangu chukua hayo maandishi matupu, hata MB mbili hayafiki na yanafunguka kwenye simu yoyote, hata ile ya skrini iliyopasuka. Ukiliprinti lote ni zaidi ya kurasa 200, usijaribu. Wengi wanaogopa hapo, wanafungua, wanaona ukuta wa namba, wanafunga. Hili faili halisomwi toka mwanzo kama hadithi, linatafutwa. Lina sura 9 na tarakimu ya kwanza ya namba ndo sura yenyewe, kwa hiyo ukisikia 509 jua ni sura ya 5, hatua za zamu, ukisikia 704 ni sura ya 7 ya sheria za nyongeza, ukisikia 903 ni sura ya 9 ambako Commander ipo, ule mtindo wa deki za kadi 100. Mwisho kuna faharasa ya maneno yote kwa alfabeti na hiyo faharasa ndo mlango wa kuingilia, unaandika neno lililopo kwenye kadi yako, inakupa maana kwa kifupi na kukutajia namba ya kwenda kusoma zaidi.

Sheria mbili za kwanza kabisa kuzijua ziko 101. Ya 101.1 inasema kadi ikipingana na sheria, kadi ndo inafatwa. Ya 101.2 inasema moja ikiruhusu na nyingine ikikataza, ya kukataza inashinda. Hizo mbili peke yake zimeua karibu nusu ya ubishi wa kijiweni, sikutanii.

Sasa nitoe mfano mzito ili muone linavyofanya kazi. Kuna kiumbe anaitwa Tarmogoyf, nguvu yake ni idadi ya aina za kadi zilizopo makaburini (rundo la kadi zilizotumika au kufa) kwa wachezaji wote, na uimara wake ni idadi hiyo jumlisha moja. Dogo mmoja wa kidato cha pili alikuwa naye mezani, makaburini kulikuwa na ardhi na viumbe tu, yaani aina mbili, kwa hiyo Tarmogoyf ni 2/3, yaani nguvu 2 na uimara 3. Mpinzani wake, jamaa mtu mzima kabisa, akarusha Lightning Bolt ambayo ni instanti (kadi ya kurusha mara moja na kuisha) ya damage 3, yaani madhara 3.

"Kafa huyo, weka makaburini."

"Kaka hajafa. Bolt yenyewe ikimaliza kazi inaenda makaburini, ni instanti, sa aina zimekuwa tatu, huyu ni 3/4."

"Dogo, damage tatu kwa uimara tatu unaniambia hajafa?"

Zamani hapo ingekuwa imeisha, dogo ananyamaza anaweka kadi. Safari hii mwalimu akatoa simu. Kwenye 608.2 imeandikwa hatua za speli (kadi uliyoirusha) kutekelezwa kwa mpangilio wake, na hatua ya mwisho kabisa ya instanti ni kuwekwa makaburini. Afu kwenye 704 kuna ukaguzi wa mchezo wenyewe, ule unaoua kiumbe aliyejaa damage, unaoondoa mchezaji mwenye uhai sifuri, unaoangalia vitu vyote vya hivyo, na 704.4 inasema wazi huo ukaguzi haufanyiki katikati ya speli inapotekelezwa. Kwa hiyo Bolt inapiga 3, Bolt inaingia makaburini, Tarmogoyf anakua 3/4, ndo ukaguzi unapita unamkuta ana damage 3 kwa uimara 4. Mzima. Jamaa kasoma mwenyewe mara mbili, kampa dogo mkono, gemu ikaendelea. Ndo maana naliheshimu hili faili, halijali umekuja na deki ya laki ngapi wala una miaka mingapi.

Ubishi unaojirudia kuliko wote ni ule wa kuua chanzo. Mtu ana kiumbe ambaye kadi yake ukiilaza upande anakupiga 1, kamlaza, we unasema naua kiumbe kwa hiyo hiyo 1 haipo. Ipo. 113.7a, uwezo ukishaingia kwenye staki (rundo la speli na uwezo vinavyosubiri kutekelezwa) unajitegemea, ukiua aliyeutoa ni kama hujafanya kitu kwa uwezo ule. Wapo wanaokataa mpaka leo kwa sababu akilini inaingia vibaya, mtu kafa anapigaje, ila kadi sio mtu na sheria ndo iko hivyo.

Na kinyume chake, watu wanachanganya hii na ile ya tageti kupotea. Speli ina tageti moja tu (kile inacholenga), tageti ikaondoka au ikawa haitagetiki tena kabla speli haijatekelezwa, basi speli yote haitekelezwi, pamoja na ile zawadi ya chini iliyoandikwa uvute kadi. Yote. 608.2b. Ila kama ilikuwa na tageti mbili na moja bado ni halali, speli inaendelea kwa kile kinachowezekana. Kuna jamaa wa bodaboda yeye kamari yake yote ipo hapa, anatoa kafara kiumbe wake mwenyewe ili tu umkose na kadi usivute, na kisheria yuko sahihi kabisa, anacheza vizuri.

Ya dethitachi (damage yoyote inaua) na trampo (damage inayozidi mzuiaji inapita kwa mchezaji) nayo naitaja haraka. Kiumbe wa 5/5 mwenye zote mbili akizuiwa na 4/4, unampa mzuiaji 1 na 4 zote zinapita kwa mchezaji, maana kwa mwenye dethitachi damage yoyote isiyo sifuri inahesabika inatosha kuua. Iko 702.2 na 702.19. Wakubwa walikuwa wanalazimisha 4 kwa kiumbe na 1 kwa mchezaji, hiyo imeisha.

Sasa udhaifu, na hapa sitapamba. Sheria ya 613, ile ya matabaka, ni ngumu na imeandikwa kwa mtu ambaye tayari anaijua. Hapo ndo panapoamuliwa vitu viwili vinapobadilisha kadi moja kwa wakati mmoja, kipi kinaanza. Mpangilio ni huu: kwanza kunakili, pili nani anaitawala, tatu maandishi, nne aina ya kadi, tano rangi, sita uwezo, saba nguvu na uimara. Ndani ya tabaka moja mara nyingi unafata kilichotangulia kwa muda, mpaka hapo sawa, kila mtu anaelewa. Afu inakuja 613.8, utegemezi, na ndo watu wanapoangusha simu.

Mfano wetu wa kila siku ni Blood Moon na Urborg, Tomb of Yawgmoth. Blood Moon inasema ardhi zote zisizo za kawaida ni milima. Urborg, ambayo yenyewe ni ardhi isiyo ya kawaida, inasema kila ardhi ni kinamasi pia, juu ya aina ilizonazo. Zote mbili zinabadilisha aina kwa hiyo zote zipo tabaka la nne. Mtu wa kawaida anauliza ipi imetangulia mezani, kama Urborg imekaa toka zamu ya pili na Blood Moon imekuja zamu ya tano basi Urborg inatangulia, sio? Hapana. Blood Moon ikifanya kazi inaigeuza Urborg kuwa mlima, na ardhi ikigeuzwa aina namna hiyo inapoteza uwezo wake ulioandikwa, 305.7, kwa hiyo uwezo wa Urborg unakuwa haupo kabisa. Maana yake Urborg inategemea Blood Moon, na kinachotegemea kinasubiri. Blood Moon inashinda siku zote, haijalishi ipi imekuja kwanza. Ukishaelewa ni kitu kizuri sana hata unafurahi, ila faili lenyewe linakupa sheria kavu kwa mistari mirefu na mifano kiduchu, mtu wa kidato cha pili hawezi kuitoa pale peke yake. Mwalimu alichora matabaka saba kwa maka nyuma ya kalenda ya mwaka jana, ikabandikwa ukutani kwa fundi, na hiyo kalenda inafundisha kuliko ile sheria. Kwa 613 nakata nyota moja nzima bila huruma.

Na lugha pia. Faili lipo kwa kiingereza kizito cha kisheria, hata anayejiweza anasoma sentensi mara tatu. Kiswahili hamna, wala kadi zenyewe hazitoki kwa Kiswahili. Kwa hiyo pale kijiweni anayesoma lazma aeleze kwa sauti kwa Kiswahili na kila mtu asikie, afu simu ipite kwa wote wawili wanaobishana wakaone kwa macho yao. Hili la simu kupita msilidharau, kama msomaji ni rafiki wa mmoja wao tafsiri itapinda tu.

Jambo lingine kubwa ni kwamba sheria zinabadilika na watu wanafundishana za zamani. Staki yenyewe ilikuja 1999 na toleo la sita, kabla ya hapo mchezo ulikuwa unaendeshwa kivingine. Mpaka 2009 damage ya vita ilikuwa inaingia kwenye staki, ilipotoka Magic 2010 ikaondolewa. Na hii ya karibuni ndo inatutesa: ilipotoka Foundations Novemba 2024 waliondoa ule utaratibu wa kupanga foleni ya wazuiaji. Zamani ukizuiwa na viumbe watatu unatangaza yupi wa kwanza yupi wa pili, na huruhusiwi kumgusa wa pili mpaka wa kwanza umempa damage ya kumuua. Saivi hamna foleni, damage ikifika unaigawa unavyotaka. Sa mtu kajifunza kwa video ya 2017, anakuja anakwambia umekosea, na ana uhakika kabisa kwa sababu kweli ilikuwa hivyo. Hapo hamna mwongo, kuna aliyepitwa. Faili jipya linamaliza hiyo kwa sekunde.

Gatherer na Scryfall. Gatherer ni ya Wizards wenyewe, ndo rasmi, ina maandishi ya sasa ya kila kadi yanayoitwa Oracle na ndo yanayohesabika hata kama karatasi yako inasema kingine. Kwa mfano Lightning Bolt ya kwanza kabisa ya 1993 imeandikwa kwa maneno ya kizamani tofauti na ya leo, ila zote zinachezwa kwa maneno ya leo. Kwa hiyo yule wa mwenye kadi ndo mwenye sheria hapa ndo anapokatwa miguu, hata karatasi yake yenyewe sio neno la mwisho. Scryfall sio ya kampuni, ila kwa simu mi naipenda zaidi, unaandika jina la kadi hata nusu inakuletea, unashuka chini unakuta maamuzi yaliyokwishatolewa juu ya kadi hiyo, kila moja na tarehe yake. Kadi zenye utata huwa zina maamuzi mengi na mara nyingi swali lako lipo pale neno kwa neno, mtu wa mbali kabisa ameshaligombania. Mpangilio wetu ni kwamba unaanza na kadi, unaisoma taratibu yote mpaka mwisho (nusu ya ubishi unafia hapa maana mtu alisoma mstari wa kwanza tu), afu maamuzi ya kadi hiyo Scryfall, na ikishindikana ndo unaingia kwenye faili kubwa. Ukianza na faili utakaa nusu saa na kahawa inapoa.

Wengine wanatumia Arena, ile gemu ya Magic ya simu, kuona kompyuta inaamuaje. Sio mbaya kwa kujifunza staki na zamu kwa sababu inakataa yenyewe ukikosea, ila haina kadi zote na haikuelezi kwa nini. Nyota tatu kwa kazi hii ya uamuzi, kwa kuburudika ni habari nyingine.

Ila nawaonya kwa roho safi kabisa, acheni kuuliza programu za akili mnemba swali la sheria afu mkachukua jibu kama lilivyo. Kuna moja iliulizwa kijiweni swali la Urborg ikajibu kwa kujiamini kabisa na namba ya sheria juu, tukaenda kwenye faili, namba hiyo inazungumzia kitu kingine. Mbaya zaidi mtu akishaona namba anaamini. Ukipewa namba na yoyote, binadamu au programu, ifungue.

Faili la kwenye simu lina faida nyingine ambayo sisi wa kusini tunaijua vizuri. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti nchi nzima ikawa ya kubahatisha, Scryfall haikufunguka, Arena ndo kabisa, ila maandishi yapo kwenye simu tukaendelea kucheza na kuamua kama kawaida. Umeme ukikata nao hivyo hivyo, simu yenye chaji moja inatosha meza nzima. Ukitegemea mtandao peke yake kwa kitu cha haki ya mtu utakwama siku usiyoitegemea.

Kuna hati nyingine fupi nataka muijue, inaitwa Judging at Regular, ni mwongozo wa marefa kwa mashindano ya kirafiki, kurasa chache tu. Faili kubwa linakwambia sheria ni ipi, hii inakwambia ufanye nini mtu akishakosea. Kesi kubwa ni triga (uwezo unaojitokeza wenyewe kitu fulani kikitokea) iliyosahaulika. Kadi inasema mwanzo wa zamu yako fanya kitu, umesahau, umekumbuka umeshavuta na umeshacheza ardhi. Mwongozo unasema kama uwezo ule ulikuwa wa hiari, hesabu kwamba alichagua kutofanya. Kama ulikuwa wa lazima, refa atumie busara, kama kuuweka saivi hakuvurugi gemu uwekwe, ila kama watu wameshafanya maamuzi makubwa kwa kudhani haukutokea, uache. Na mpinzani halazimiki kukukumbusha triga zako. Hii ya mwisho ilileta manung'uniko sana, wazee wa heshima wanaona kama ni roho mbaya kunyamaza. Mi naona kwa madogo wanaojifunza ukumbushe tu, hamna mwongozo unaokukataza, ila ikiwa ni ya kushindania soda basi kila mtu abebe kadi zake.

Kwa wanaocheza Commander wanne wanne, kadi 100 na uhai 40, shika 101.4 na 603.3b kuliko kitu chochote. Triga za watu wengi zikitokea kwa pamoja, mwenye zamu anaweka zake kwenye staki kwanza, afu wanaomfata kwa mzunguko. Na kwa vile staki inatoa cha juu kwanza, aliyeweka mwisho ndo anatekeleza kwanza. Kwa hiyo mwenye zamu anatangulia kuweka na anamaliza kutekeleza. Meza ya watu wanne bila kujua hii ni vurugu tupu, kila mtu anadhani zake ndo za kwanza.

Nyota zangu: faili kubwa 4 kati ya 5, hiyo moja imeondoka na 613, lugha nayo ningeikatia ila nimeihurumia kwa sababu kazi iliyofanyika mle ni kubwa mno na wanatoa bure. Scryfall 5. Gatherer 4, ni rasmi na Oracle yake ndo neno la mwisho, ila kwa kutafuta haraka na kidole kimoja mezani naenda kule kwingine. Judging at Regular 5 kwa ufupi wake. Wenye kijiwe Masasi, Lindi, Nachingwea, kote huko, mkitaka mnaweza kuanza na hizi tu na hamhitaji kununua chochote.

Ukishalipakua liweke kwa fundi pia na kwa angalau watu wawili wengine wanaofika mapema, wapeane kwa bluetooth. Juu kabisa ya faili imeandikwa sheria hizi zinaanza kutumika tarehe gani, na toleo jipya huwa linakuja seti mpya ya kadi ikitoka, kwa hiyo kabla ya kusoma namba yoyote kwa sauti soma kwanza hiyo tarehe, kama simu yako ina ya mwaka juzi na ya jirani ina ya mwezi uliopita, tumieni ya jirani.